Hofu ya kumezwa: nani hasa alipoteza mamlaka na mishahara Amerika Kaskazini?

Kati ya mwaka 2005 na 2008 Wamarekani wengi waliamini kwamba dola yao iko mbioni kuzikwa. Sarafu iliyodaiwa kuja kuchukua nafasi yake iliitwa Amero, nayo ingetumika Marekani, Kanada na Meksiko. Nyuma ya sarafu hiyo, ilisemwa, kuna serikali moja ya bara zima inayojengwa kwa siri, na barabara kuu yenye upana wa mita zaidi ya 300 itakayoikata Marekani katikati kutoka mpaka wa kusini hadi wa kaskazini. Mwaka 2007 mbunge wa Virginia, Virgil Goode, alipeleka azimio katika Baraza la Wawakilishi kupinga barabara hiyo na muungano huo. Baadhi ya mabunge ya majimbo nayo yalipitisha maazimio yao ya kukataa.

Lisemwalo lipo, husema watu. Amero haikuwepo. Jina lenyewe lilitoka kwenye andiko la mwaka 1999 la mchumi wa Kanada, Herbert Grubel, aliyependekeza nchi tatu ziwe na sarafu moja. Hakuna serikali iliyolichukua pendekezo lake. Barabara ile ilikuwa mradi wa jimbo la Texas, uliotangazwa na Gavana Rick Perry mwaka 2002 na kupingwa na wakulima ambao ardhi yao ingetwaliwa. Kufikia mwaka 2011 ulikuwa umeshafutwa. Na ile "serikali ya siri" ilikuwa mpango uliozinduliwa Waco, Texas, Machi 2005 na George W. Bush, Paul Martin wa Kanada na Vicente Fox wa Meksiko, kwa ajili ya kushirikiana katika usalama na biashara. Haukuwa mkataba, na mwaka 2009 ulizimwa kimyakimya.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki tofauti inaonekana upesi. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliotiwa saini mwaka 1999 unasema wazi kwamba safari ya nchi wanachama inaishia kwenye shirikisho la kisiasa, na itifaki ya sarafu moja ilitiwa saini Kampala mwaka 2013. Unaweza kuipenda safari hiyo au kuikataa, lakini imeandikwa na inajulikana. Amerika Kaskazini hakuna aliyewahi kuandika kitu cha aina hiyo. Hakuna bunge la pamoja wala mahakama ya pamoja ya rufaa, na raia hana haki ya kuvuka mpaka akatafute kazi. Oktoba 1994, miezi tisa tu baada ya mkataba wa biashara huria wa nchi hizo tatu kuanza kutumika, Marekani ilianzisha operesheni kubwa ya kuziba mpaka wake upande wa San Diego. Bidhaa na mitaji zilifunguliwa mlango mwaka uleule ambao watu walianza kuwekewa uzio mrefu zaidi.

Pamoja na hayo, sikubaliani na wale waliowacheka watu wenye hofu. Tazama jinsi mpango wa Waco ulivyoendeshwa. Mwaka 2006 viongozi wa nchi tatu waliunda baraza la ushauri la wakurugenzi wa makampuni makubwa. Wafanyakazi hawakupewa baraza la namna hiyo, wala wakulima, wala watetezi wa mazingira. Mpango mzima haukupigiwa kura katika bunge lolote. Agosti 2007 viongozi walipokutana Montebello, Quebec, waandamanaji waliwakamata kwa macho watu watatu waliojifunika nyuso, mmoja ameshika jiwe. Polisi wa Quebec walikana mwanzoni, kisha wakakiri kwamba hao ni askari wao. Kwenye mkutano huohuo Waziri Mkuu Stephen Harper aliwauliza waandishi wa habari kama mamlaka ya Kanada yataporomoka kwa sababu tu ya kusanifisha peremende. Mtu anayeuliza ni nani anaamua sheria za nchi yake hajibiwi kwa peremende. Pale ambapo serikali hufunga mlango, uvumi huingia dirishani, na uvumi wa Amero ulifanya kazi moja mbaya sana: ulivuta macho ya watu kwenye mzimu, huku mambo yaliyokwisha kuandikwa na kutiwa saini tangu miaka ya tisini yakiendelea bila kuulizwa.

Mambo hayo yalikuwa ndani ya NAFTA, mkataba wa biashara huria wa nchi hizo tatu ulioanza kutumika tarehe 1 Januari 1994.

Twende Guadalcázar, mji mdogo katika jimbo la San Luis Potosí, Meksiko. Hapo palikuwa na eneo ambalo tani zipatazo 20,000 za taka za sumu zilikuwa zimefukiwa ovyo. Mwaka 1993 kampuni ya Kimarekani iitwayo Metalclad ilinunua eneo hilo ili ijenge dampo jipya. Serikali kuu ya Meksiko iliipa vibali. Wananchi, waliokwisha kuionja taka ya zamani, hawakutaka nyingine. Kampuni ikajenga. Halmashauri ya mji, mwishoni mwa mwaka 1995, ikakataa kutoa kibali cha ujenzi. Gavana wa jimbo naye, mwaka 1997, akalitangaza eneo hilo kuwa hifadhi ya mimea adimu ya dungusi kakati.

Kwa utaratibu tuliouzoea, kampuni ingekwenda mahakamani nchini humo ikalalamikia uamuzi wa halmashauri. Lakini Sura ya 11 ya NAFTA ilimpa mwekezaji wa kigeni njia nyingine: kuishtaki serikali moja kwa moja mbele ya jopo la wasuluhishi watatu, ambao si mahakimu wa nchi yoyote. Agosti 2000 jopo liliamuru Meksiko ilipe zaidi ya dola milioni 16. Mahakama ya British Columbia, Kanada, ilipunguza kidogo hoja za uamuzi ule, lakini Meksiko ililipa. Nikiisoma kesi hii, kinachonisumbua ni kwamba ndani ya NAFTA hapakuwa na mlango wa mkazi wa Guadalcázar. Yeye angeweza kuumwa kwa taka ya kampuni ya kigeni na asipate jopo lolote la kumsikiliza. Haki ile ilitengenezwa kwa ajili ya mwenye mtaji peke yake.

Kanada nayo ilionja. Mwaka 1997 ilipiga marufuku uingizaji wa kemikali ya MMT inayochanganywa na petroli. Kampuni ya Ethyl ya Marekani ikafungua madai, na mwaka 1998 Kanada ikaondoa marufuku hiyo na kulipa dola milioni 13 za Kimarekani hivi. Ni kweli kwamba hapo palikuwa na jambo jingine pia, kwani baadhi ya majimbo ya Kanada yenyewe yalikuwa yamepinga marufuku ile kwa sheria za ndani. Hata hivyo kila mtunga sheria alipata ujumbe: kabla hujaandika kanuni, uliza itagharimu kiasi gani tukishtakiwa. Marekani ilishtakiwa mara kadhaa chini ya sura hiyohiyo na haikuwahi kupoteza kesi hata moja.

Kwa hiyo mamlaka ya nchi yalipungua kweli, ila hayakwenda kwenye makao makuu ya siri ya bara. Yaliingia katika vyumba vya usuluhishi na katika ofisi za mawakili, kwa mkataba uliochapishwa ambao yeyote angeweza kuusoma.

Wakanada walikuwa wamelihisi hili mapema kuliko wote. Uchaguzi wao wa mwaka 1988 karibu wote ulikuwa juu ya mkataba wa kwanza wa biashara huria na Marekani. Tangazo moja la chama cha Liberal kwenye televisheni lilimwonyesha mjumbe wa Marekani akisema kuna mstari mmoja tu unaomsumbua katika makubaliano, kisha anachukua kifutio na kufuta mpaka wa nchi mbili kwenye ramani. Waziri Mkuu Brian Mulroney, aliyeutetea mkataba, alipata asilimia 43 ya kura na wingi wa viti. Vyama viwili vilivyoupinga, kwa pamoja, vilipata zaidi ya nusu ya kura. Mkataba uliwatawala watu ambao wengi wao waliwapigia kura wapinzani wake. Hilo halikuvunja sheria yoyote ya Kanada, lakini linaeleza kwa nini kidonda hakikufunga.

Sasa mishahara, ambayo naona ndiyo kiini cha mambo, maana mtu aliyefukuzwa kazi haamki usiku akiwaza jopo la wasuluhishi.

Mwaka 1992 Ross Perot, tajiri aliyegombea urais wa Marekani bila chama, alitabiri kwamba mkataba ukipita watu watasikia sauti kubwa ya kazi zikifyonzwa kwenda kusini. Novemba 1993 Baraza la Wawakilishi likaupitisha kwa kura 234 dhidi ya 200. Rais Bill Clinton na wachumi wengi walisema kazi zitaongezeka na mshahara wa Meksiko utapanda hadi kuukaribia wa majirani zake. Hakuna kambi iliyopatia.

Kazi za viwandani Marekani hazikufyonzwa mara moja. Zilibaki karibu milioni 17 hadi mwaka 2000. Anguko kubwa, hadi chini ya milioni 12 mwaka 2010, lilikuja baada ya China kuingia Shirika la Biashara Duniani mwishoni mwa 2001, likachangiwa na mitambo na mtikisiko wa uchumi wa 2008. Anayeibebesha NAFTA anguko lote hilo anakosea hesabu. Lakini anayesema haikuwa na madhara kwa sababu wastani wa nchi nzima ulibadilika kidogo, huyo ananiudhi zaidi. Wastani hauishi katika mji wowote. Kiwanda cha nguo cha North Carolina au cha vipuri cha Michigan kikifungwa, hasara yote huangukia mji mmoja: nyumba hazinunuliki, shule inapoteza kodi, na fundi wa miaka 50 anakuwa mlinzi wa usiku kwa nusu ya mshahara. Faida, ambayo ni bei nafuu kidogo ya bidhaa, inagawanywa kwa mamilioni ya watu wasiojua hata kama wameipata.

Kuna njia nyingine ya kushusha mshahara ambayo haionekani katika hesabu ya kazi zilizohama. Mwajiri hana haja ya kuhama. Inatosha aseme anaweza. Utafiti uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Cornell katika miaka ya tisini ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya waajiri walitishia kufunga kiwanda, chote au sehemu yake, pale wafanyakazi walipojaribu kuunda chama. Ukiwa mezani unadai nyongeza na mwajiri amekuwekea ramani ya Meksiko mbele yako, utashusha dai lako. Kiwanda kitabaki palepale, kazi haitapotea, na hakuna mchumi atakayeandika kwamba NAFTA ilikugusa.

Huko Meksiko kwenyewe ahadi ya mishahara ilivunjika ndani ya mwaka wa kwanza. Tarehe 1 Januari 1994, siku ile mkataba ulipoanza, wapiganaji wa Zapatista, wengi wao Wamaya, waliteka San Cristóbal de las Casas na miji mingine ya Chiapas. Miaka miwili nyuma serikali ilikuwa imebadili Ibara ya 27 ya Katiba na kuruhusu mashamba ya jumuiya, yaitwayo ejido, yauzwe, na wapiganaji waliona mkataba mpya kama mwendelezo wa kupokonywa huko. Desemba mwaka huohuo peso ikaporomoka, na mshahara ukaporomoka nayo.

Mahindi yakafuata. NAFTA iliipa Meksiko miaka 15 ya kuondoa ushuru wa mahindi polepole, ila serikali yake yenyewe iliruhusu mzigo wa ziada kuingia bila ushuru miaka mingi kabla ya muda. Mkulima wa Oaxaca mwenye ekari chache alikutana sokoni na mahindi ya Iowa yaliyolimwa kwa mashine na kwa ruzuku ya serikali. Rais Carlos Salinas alikuwa amewaambia Wamarekani kwamba Meksiko inataka kuuza nje bidhaa, siyo watu. Wazaliwa wa Meksiko waishio Marekani walikuwa milioni 4.3 mwaka 1990. Mwaka 2007 walizidi milioni 12. Mahindi peke yake hayakuwahamisha wote hao, maana kulikuwa na anguko la peso na kulikuwa na kazi za ujenzi na mashambani zikiwaita kule kaskazini. Lakini kijana aliyeacha shamba Oaxaca na fundi aliyeachishwa kazi Michigan walifundishwa kuchukiana, wakati wote wawili walikuwa upande mmoja wa mkataba.

Kwa nini viwanda vilikuja Meksiko na mshahara haukupanda? Tija ilipanda. Magari yaliyotoka huko yalikuwa na ubora uleule wa Marekani. Jibu lipo kwenye mambo mawili. La kwanza, kima cha chini cha mshahara kilibanwa na serikali kwa miongo kadhaa. La pili ni kile ambacho Wameksiko wenyewe huita mikataba ya ulinzi: kampuni inasaini mkataba wa hali bora za kazi na chama inachokipenda, mara nyingi hata kabla kiwanda hakijaajiri mtu. Mfanyakazi anakatwa ada, ila hajawahi kuuona mkataba wala kumjua kiongozi wake. Anayelinda na anayelindwa hapo ni mwajiri.

Silao, jimbo la Guanajuato, ndipo mfumo huu ulipopasuka hadharani. Kampuni ya magari ya General Motors ina kiwanda huko kinachounda pikapu, ambacho wakati huo kilikuwa na wafanyakazi wapatao 6,000. Mshahara wa siku nzima ya kazi kwa wengi wao ulikaribia ule wa saa moja au mbili Michigan. Aprili 2021 waliitwa kuupigia kura mkataba wao, kwa kuwa sheria mpya ya kazi ya mwaka 2019 ilitaka kila mkataba wa zamani uidhinishwe na wafanyakazi wenyewe kwa kura ya siri. Kura ilisimamishwa katikati baada ya wakaguzi wa serikali kukuta karatasi za kura zimeharibiwa mikononi mwa chama cha zamani. Agosti ikapigwa upya chini ya waangalizi: 2,623 waliukubali mkataba, 3,214 waliukataa. Februari 2022 wakachagua chama kipya, SINTTIA, kwa zaidi ya robo tatu ya kura, na Mei wakapata nyongeza ya asilimia 8.5.

Nyuma ya kura ile ya pili kulikuwa na mkataba mpya. USMCA ulichukua nafasi ya NAFTA tarehe 1 Julai 2020, na ndani yake, kwa shinikizo la vyama vya wafanyakazi vya Marekani na wabunge wa Democratic, kuliwekwa utaratibu wa haraka wa malalamiko ya kazi. Kiwanda kimoja kinaweza kuchunguzwa na bidhaa zake kunyimwa nafuu ya ushuru kama kinawanyima wafanyakazi haki ya chama. Kwa pikapu hilo ni tishio zito, kwa sababu nje ya mkataba ushuru wa Marekani kwa magari ya aina hiyo ulikuwa asilimia 25 tangu miaka ya sitini. Silao ilikuwa kesi ya kwanza.

Mkataba huo ulifanya mengine pia. Ulitaka asilimia 40 hadi 45 ya thamani ya gari itokane na kazi ya watu wanaolipwa kwa wastani angalau dola 16 kwa saa. Uliondoa haki ya wawekezaji kuishtaki serikali kati ya Marekani na Kanada, na kuibana sana upande wa Meksiko. Kwa maneno mengine, malalamiko yaliyopuuzwa kwa miaka 25 kama kelele za wasioelewa uchumi yaliingizwa kwenye maandishi ya mkataba. Meksiko nayo, chini ya Rais Andrés Manuel López Obrador, ilipandisha kima cha chini kutoka peso 88.36 kwa siku mwaka 2018 hadi 248.93 mwaka 2024. Hiyo ilikuwa kazi ya serikali yenye mamlaka yake, ndani ya biashara huria, na viwanda havikukimbia.

Halafu ukaja mwaka 2025, na ule mzimu wa zamani ukageuka kichwa chini miguu juu. Rais Donald Trump, aliyeusaini USMCA kwa mkono wake na kuusifu, aliwawekea Kanada na Meksiko ushuru wa asilimia 25, akasamehe baadaye bidhaa zinazotimiza masharti ya mkataba, na akasema mara nyingi kwamba Kanada inafaa kuwa jimbo la 51. Mwaka 2024 karibu robo tatu ya bidhaa ambazo Kanada iliuza nje zilikwenda Marekani. Kwa Meksiko ilikuwa zaidi ya asilimia 80. Anayetegemea mnunuzi mmoja kiasi hicho anaweza kutikiswa pasipo bunge la pamoja na pasipo sarafu ya pamoja. Mark Carney wa chama cha Liberal alishinda uchaguzi wa Kanada wa Aprili 2025 kwa sehemu kubwa kwa sababu Wakanada walitaka mtu wa kusimama mbele ya vitisho hivyo. Waliokuwa wakiuogopa mkataba mwaka 1988 waliogopa kufutiwa mpaka. Mwaka 2025 watoto wao waliung'ang'ania mkataba uliofuata kama kinga yao ya mwisho.

USMCA unazitaka nchi tatu ziupitie upya mwaka wa sita, yaani Julai 2026. Zikikubaliana, unaongezewa miaka 16. Zisipokubaliana, unapitiwa kila mwaka hadi muda wake uishe mwaka 2036, na kila mwaka mwenye soko kubwa anakuwa na nafasi ya kudai jipya. Mimi ningeangalia kifungu kimoja kabla ya vyote. Utaratibu ule uliowasaidia watu wa Silao unaviandama viwanda vya Meksiko karibu peke yake. Mfanyakazi wa Marekani aliyefukuzwa kwa kuunda chama hawezi kuutumia, isipokuwa kama bodi ya kazi ya nchi yake imeshatoa amri na mwajiri hajaitii. Wapo waajiri wa Alabama na Tennessee wanaolipenda pengo hilo kama lilivyo, na wapo wa Meksiko wanaotaka utaratibu wote ufutwe.